Kiganja cha Mwalimu Juu ya Changu

Mwalimu hakumpenda mwanafunzi anayesimama mbali na kitanda. Akikukuta umekunja mikono kifuani, miguuni pa mgonjwa, alikuuliza kama umekuja kujifunza kazi au kujulia hali, na kama umekuja kujulia hali, mbona hukubeba uji. Wagonjwa walicheka, sisi tukasogea. Hospitali nzima ilimwita Mwalimu, hata madaktari, na mimi sitamwita vingine hapa. Nitakayoyasema yananihusu mimi kama yanavyomhusu yeye, na sioni haki jina lake libebe ya watu wawili.

Alikuwa mtu wa mazoezi. Ndivyo wagonjwa wengi wa Karagwe wanavyotuita sisi tuliosomea fiziotherapia: watu wa mazoezi, au wale wa kunyoosha. Wanaamini kazi yetu ni kuwaumiza watu ambao madaktari wameshawamaliza kuwaumiza. Mwalimu alikuwa mfupi, mwembamba, mabega yamepanda kuelekea masikioni kwa miaka ya kunyanyua watu wazito kuliko yeye. Alivaa raba za kiume. Alitembea mbio na kula polepole, na mbele ya sahani yake ya ndizi na maharage hakutaka kusemeshwa habari za kazi.

Nilifika kwake nikiwa mwanafunzi, na nilikuwa najua kila kitu. Chuoni tulikaa watu sitini ukumbini, tukitazama picha za misuli zikipita ukutani kutoka kwenye projekta. Tulikuwa na sanamu moja la plastiki la kufanyia mazoezi, ambalo wanafunzi waliotutangulia walishalivunja mguu wa kushoto, kwa hiyo magonjwa yote ya mguu tuliyatibu upande wa kulia. Nilifaulu vizuri sana. Binadamu aliye hai, anayeumwa na kunitazama usoni, sikuwa nimemgusa hata mmoja.

Siku ya kwanza wodini Mwalimu alinipeleka kwa mama mmoja wa Bugene aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Akaniambia nieleze. Nikaeleza kama ukurasa wa kitabu, Kiswahili kimechanganyika na majina ya misuli ambayo yule mama hakuyahitaji. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua mkono wangu, akauweka kwenye bega la mama, akaweka kiganja chake juu ya changu.

"Unasikia nini?"

Nikataja jina la msuli.

"Sikukuuliza jina. Unasikia nini hapo chini?"

"Pa moto," nikasema.

"Na nini tena?"

"Panatetemeka kidogo. Halafu kuna shimo, kama bega limeshuka."

"Haya. Sasa umefika hospitali."

Hivyo ndivyo alivyofundisha, na sikuona mwingine akifundisha hivyo, si kabla wala baada yake. Mkono wa mwanafunzi chini, wake juu, na swali lile lile. Hakukubali neno la kitabuni. Ukisema kitu kigumu, anakuuliza kigumu kama muhogo mbichi au kama uliochemka. Ukishajibu, unaandika wewe kwenye faili, kwa maneno yako, naye anatia sahihi. Mafaili ya wodi ile yalikuwa ya ajabu kusoma. Yalisema goti linalia, au paja limelegea kama blanketi lililolowa, na daktari mmoja mgeni aliwahi kuuliza kama yameandikwa na wapishi.

Siwezi kumweleza mtu ambaye hakuipitia namna ile jinsi ilivyokuwa ikitia moyo. Kiganja kile kilikuwa kikavu na chepesi, hakikusukuma wala kuvuta. Kilikaa tu. Mimi niliyekuwa nikitetemeka kumpima mtu mapigo, baada ya mwezi nilikuwa nikiwainua wazee na kuwakalisha ukingoni mwa kitanda huku nikipiga nao soga. Nilimpigia mama yangu simu nikamwambia mikono yangu imepata akili. Niliamini kwamba nikikosea, aliye juu yangu atajua kabla yangu.

Alikuwa na mambo yake. Alikaripia ndugu wa wagonjwa vibaya, hasa wale wa kumlisha mtu mwenye mikono mizima, lakini mgonjwa hakumpandishia sauti. Alituambia tusiwadanganye wagonjwa, na yeye kila jioni alimwambia kila mmoja kwamba kesho ataamka na nafuu. Alikuwa mcha Mungu wa kukesha kwenye maombi, ila mhubiri aliyepita wodini kuwaambia watu watupe magongo alitolewa nje na Mwalimu kwa kushikwa kiwiko. Yale magongo ya mbao alikuwa akiyachonga fundi mmoja wa Kayanga, na Mwalimu aliyafuata mwenyewe kwa bodaboda, amekaa upande, magongo jozi nne yamelala mapajani na kutokeza huku na huku. Barabara ya sokoni ilisimama. Waliomtukana aliwajibu kwamba siku watakapoanguka wasimtafute.

Na adabu. Hapo hakuwa na mzaha hata chembe. Kwa mzee unaanza na shikamoo, unasubiri akujibu, unaulizia waliobaki nyumbani, unaulizia na ng'ombe kama anao, ndipo unafika kwenye mguu. Mzee wa kiume unamwita tata. Shuka la mtu hulifunui bila ruhusa, na akikataa, unaingiza mkono chini ya shuka na kupapasa huku ukitazama dirishani. Watu wa huku, alisema, mwili wao ni wao. Sisi tuliona ni jambo zuri, na lilikuwa zuri.

Yule mzee alikuwa mfugaji wa upande wa Kyerwa. Fahali lake mwenyewe lilimkandamiza kwenye nguzo ya zizi likamvunja mfupa wa paja, akalala majuma mengi mguu ukivutwa kwa uzito uliofungwa kwenye kamba. Alikuwa mrefu kuliko kitanda. Hakulalamika hata mara moja. Siku daktari alipoona picha na kusema mfupa umeshika, mzee aliuliza kitu kimoja tu, lini ataondoka, maana wanawe walikuwa wamehamisha ng'ombe bila kumuuliza.

Kazi yetu ilikuwa kusema kama msuli wa paja una nguvu ya kulishika goti. Ukilala majuma yote hayo, msuli unakauka, na goti lisiloshikwa hukunjika ghafla mtu akilisimamia. Unaweka kiganja juu ya goti, unamwambia mgonjwa akandamize mguu kitandani, na msuli ukiwa hai unaukuta unakaza chini ya mkono. Ni kipimo cha dakika moja. Baada yake mgonjwa anatakiwa pia ainue mguu mzima hewani.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho. Tulikuwa wanafunzi sita tumezunguka kitanda, wasichana wanne, na siku iliyotangulia Mwalimu alikuwa amenisifia mbele ya wote kwamba nina vidole vinavyosikiliza. Mzee alikataa kufunuliwa shuka. Nikaingiza mkono. Kiganja cha Mwalimu kikaja juu ya changu, shuka likatufunika wote wawili hadi kwenye viwiko.

"Tata, kandamiza mguu," Mwalimu akasema.

"Nakandamiza, waitu," mzee akajibu, kwa neno la heshima la huko.

"Inauma?"

"Haiumi."

Ilikuwa inauma. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Lakini ni mzee gani wa Kyerwa atakayesema inauma mbele ya wasichana wanne.

"Unasikia nini?" Mwalimu akaniuliza.

Sikusikia kitu. Nilisikia ngozi, na mfupa chini ya ngozi. Hakukuja kitu kingine, nami sikungoja. Jibu lilikuwa sisikii, neno dogo ambalo mtoto wa chekechea angelisema, na mimi sikuweza. Mzee wangu amesema anakandamiza. Nimwambie mbele ya watu kwamba hakandamizi? Mwalimu amesema nina vidole, nimwambie sinavyo?

"Nasikia, Mwalimu. Unakaza."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Kiganja chake kilibaki juu ya changu kitambo kidogo zaidi. Kisha kikaondoka.

"Andika," akasema. Nikaandika kwamba msuli unakaza vizuri, naye akatia sahihi. Habari ya kuinua mguu hewani hakuna aliyeikumbusha.

Tulimsimamisha asubuhi hiyo hiyo, magongo makwapani, wanafunzi wawili ubavuni. Alipiga hatua ya kwanza akacheka. Ya pili goti likakunjika, akaenda chini kwa urefu wake wote, na wenzangu waliomshika wakaenda naye. Nilisikia mfupa. Alikuwa amevunjika pale pale. Akiwa chini sakafuni, uso umemgeuka rangi, alitutazama mmoja mmoja jinsi tulivyoduwaa, akatuambia poleni.

Mpaka leo hakuna neno linalonitesa kama hilo. Angetutukana ningelala.

Hospitali kubwa waliyomwandikia ilikuwa mbali, na wanawe walisema baba yao hatakwenda kufia ugenini. Wakaja kumchukua, wakamrudisha kwake. Kutoka barabarani majirani walimbeba kwa machela hadi nyumbani, na hakusimama tena. Alifariki nikiwa nimeshamaliza chuo.

Kwenye kikao cha uongozi Mwalimu alisema maneno matatu, sahihi ni yangu. Jina langu halikutajwa. Wakabadilisha mafunzo. Wanafunzi wasiguse tena wagonjwa. Wasimame nyuma ya mstari uliopakwa rangi nyekundu sakafuni na kutazama. Mwalimu akatolewa wodini, akapewa ukumbi na projekta, afundishe kwa picha. Miaka ya baadaye hata ukumbi ukawa mdogo, masomo yakawa yanatumwa kwenye kundi la simu, video za dakika tano tano zikionyesha mikono ya mtu asiye na uso ikigusa mguu usio na kidonda. Nilimwona siku moja akitoka kwenye ukumbi ule, amebeba waya wa umeme umezungushwa mkononi. Nilijificha nyuma ya gari la wagonjwa mpaka alipopita.

Mimi niliajiriwa kwenye hospitali moja ya Kyerwa. Niko peke yangu kwenye fani hii. Na nilichojishikilia miaka yote hii ni kimoja: kiganja chake kilikuwa juu ya changu. Mikono ile mizee, iliyoshika maelfu ya mapaja, haiwezi kudanganywa na kitoto kama mimi. Kama Mwalimu alisema andika, basi alisikia. Msuli ulikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa mchanga wa vidole, na mzee alianguka kwa bahati mbaya. Nilijisimulia hivyo kila nilipovaa koti jeupe.

Simulizi hilo halikushika. Nikiweka mkono juu ya goti la mtu sasa, sijui ninachosikia. Nasikia kitu, halafu najiuliza kama nakisikia au natamani kukisikia, na mkono unaanza kutoka jasho. Kwa hiyo naandika aendelee kupumzika. Ni maneno mazuri, hakuna aliyewahi kuitwa kwenye kikao kwa ajili yake. Nimeyaandika kwa vijana ambao wangetembea ndani ya siku tatu. Nimeyaandika kwa mama wa kitanda cha tisa, aliyevunjika nyonga akitoka shambani na kufanyiwa upasuaji, ambaye daktari alisema asimamishwe mapema. Mumewe ni kibarua wa mashamba, familia yao asili yake Burundi, mtu mpole asiyejua kugomba. Kila Jumatatu ananiuliza, "Dada, tunamsimamisha lini?" Nimemjibu wiki ijayo mara nne. Mgongoni mwa mama yule pametoboka kwa kulala. Juzi, muuguzi alipombadilishia bandeji, niliuona weupe wa mfupa.

Wiki hiyo hiyo nikapata taarifa kwamba wanafunzi sita wanakuja kwangu Jumatatu, wale waliofundishwa kwa simu, niwatie moyo wa kazi. Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikalia. Nikaona kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kunirudishia mikono yangu, kwa neno moja, na Jumamosi nikapanda gari hadi Kayanga, nikachukua bodaboda kwenda Nyakasimbi.

Amestaafu, anakaa kwenye shamba la migomba la familia yao, kwa kaka yake. Nilimkuta uani kwenye kigoda, kanga mabegani, mikono imelala mapajani. Wifi yake alikuwa kwenye mkeka akipukuchua maharage. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kyerwa hawali?"

Wifi yake akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, nikachukua punje moja kwa heshima. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za migomba inayonyauka. Aliponiuliza kazi inaendaje nikashindwa kuendelea na adabu.

"Mwalimu, nina swali moja. Yule mzee wa ng'ombe. Siku ile chini ya shuka, wewe ulisikia nini?"

Alitazama mikono yake, kisha akaniambia kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kusomea ratiba.

"Sikusikia kitu. Na siyo siku ile tu. Vidole hivi vilikufa kabla hamjaja. Mishipa ya shingo imebanwa, ni kazi yetu hii ya kubeba watu. Mwaka wa kwanza vilianza kuchoma, wa pili vikanyamaza. Hata wewe ukinishika sasa, naona tu kwa macho kwamba umenishika."

"Lakini ulikuwa unaweka mkono juu yetu."

"Niliweka. Ninyi mlisema ni namna ya kufundisha, uongozi wakasema ni namna nzuri ya kufundisha, nikakubali. Nilikuwa naazima vidole vyenu. Ningesema, wangenitoa wodini siku hiyo hiyo, na wodi ilikuwa ndiyo maisha yangu."

Wifi yake alikuwa ameacha kupukuchua, akatutazama, akaendelea. Nikamwambia Mwalimu nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si mchungaji. Nikamwambia sikusikia kitu, nilidanganya, niliona aibu.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu leo?"

"Tangu siku ile. Wewe ulikuwa wa kujibu polepole, unatafuta neno. Siku ile ulijibu mbio. Nikajua mtoto huyu hajasikia kitu. Ningekuuliza tena, ungesema sisikii, ningetakiwa nipime mwenyewe, na wote mnanitazama. Nikasema andika."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilitaka kusimama niondoke. Mzee yule alizungukwa na watu saba kitandani, mikono miwili ilikuwa juu ya goti lake, na hakuna aliyemgusa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mkubwa wake. Hakujitetea. Alisema alikwenda Kyerwa kwa mzee mara mbili kabla hajafa, akakaa naye, na mara zote mbili alishindwa kumwambia.

Baadaye akaniuliza, "Ulikuja kuchukua nini kwangu?"

"Nilitaka uniambie ulisikia."

"Ningekuambia hivyo, ungekwenda kufanya nini?"

Nikamweleza habari za mama wa kitanda cha tisa, za mgongo wake, za mumewe na Jumatatu zake nne. Nikasema ningerudi leo leo nikamsimamishe.

"Kwa ujasiri wa nani?"

Nikaitazama punje ya kahawa, bado iko kiganjani.

"Basi sikuambii," akasema. "Na Jumatatu hao sita usiwafiche. Waambie unaogopa, kisha mpime mbele yao, na kama husikii useme husikii, mumewe asikie, naye mama asikie." Akavuta kanga mabegani kwa viwiko. "Huyo mama ana moyo wa kusimama? Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo kumtajia, na hapo ndipo nilipojua kwamba sijui.